Watoro wa Mpasuo

Kazi ya kujenga reli ina fahari yake, lakini kazi ya kuing'oa haina hata wimbo. Genge la watu ishirini na sita lilianzia kituo cha Mwisho wa Reli mwezi wa pili, likawa linarudi kinyumenyume kuelekea stesheni ya makutano, mwendo wa kilomita mia na tisini. Lilifungua boliti, likachomoa misumari, likapakia vyuma kwenye mabehewa ya wazi na kuyarudisha nyuma hatua mia kadhaa kila siku. Wafanyakazi walikuwa na utani wao: walisema wao ndio wakunga wa kwanza kumrudisha mtoto tumboni.

Aliyewaongoza alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mpole wa maneno, mkali wa macho, ambaye kila mtu alimwita Nyapara, hadi mkewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameitunza njia hii hii, akikaza boliti zake na kubadilisha mataruma yaliyooza, zile mbao nene zinazobeba reli. Sasa alikuwa anaifumua kama mtu anayefumua sweta aliyoifuma kwa mikono yake mwenyewe. Hakulalamika. Shirika la Reli lilikuwa limeuza chuma chote cha Tawi la Milimani kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, na asiyetaka kung'oa alikuwa huru kwenda kumwaga unga wake.

Kila pande la reli lina mwaka wake, umepigwa ubavuni tangu kiwandani. Kwa kuwa njia ilijengwa kutoka makutano kwenda milimani, kadiri genge lilivyorudi ndivyo miaka ilivyozidi kuzeeka, na Nyapara akawa anaisoma historia ya reli kutoka mwisho kwenda mwanzo. Historia yenyewe aliijua. Nchi nzima iliijua, maana ilikuwa kwenye kitabu cha darasa la tano. Kwanza ilikuja Reli ya Machimbo, iliyotoa shaba bara na kuipeleka mji mkuu. Ikafuata Reli ya Pamba, ya kampuni nyingine na yenye upana mwingine, kwa sababu kampuni hizo mbili zilikuwa haziongei, kama wake wenza. Pale njia zilipokutana, kila gunia lilishushwa kwa mgongo wa mtu na kupakiwa upya, ikawa hivyo kwa miaka thelathini. Mwisho kabisa likaja Tawi la Milimani, ambalo kitabu kililisifu kuliko yote, hasa ule mlima uliopasuliwa katikati kwenye kilomita ya mia na kumi na mbili. Mahali hapo paliitwa Mpasuo. Kitabu kilisema kazi ya Mpasuo ilimalizika kwa miezi kumi na mmoja bila kifo hata kimoja, ingawa siku moja vibarua arobaini na watatu walitoroka kambini kwa mpigo.

Nyapara alikuwa na miaka kumi na moja mwalimu alipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, na darasa zima likageuka kumtazama. Babu yake mzaa mama alikuwa mmoja wa wale arobaini na watatu.

Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa. Alichokijua alikiokota vipande vipande. Babu alikwenda kambini akamwacha Bibi na watoto wawili: kijana wa miaka kumi na saba, ambaye ndiye Mjomba, na binti wa miaka tisa, ambaye ndiye Mama. Habari za kutoroka zilipofika, Bibi hakuziamini. Alisema mumewe si mtu wa kukimbia kazi, akamtuma mwanawe amtafute. Kijana alipotea wiki tatu, akarudi amekonda, akasema amemwona baba yake kwa macho yake: mji wa machimbo, kwenye jukwaa la stesheni, amevaa shati jeupe, amembeba mtoto mdogo begani. Alipomwita, baba aligeuza uso akapanda treni. Tangu siku hiyo Bibi hakuuliza tena. Nguo za mumewe alizigawa kwa wapita njia. Hakukaa matanga, maana mume hakufa. Hakuolewa, maana hakupewa talaka. Alikaa hivyo hivyo, katikati, hadi alipokufa.

Mjomba ndiye aliyewainua. Muda mfupi baada ya kurudi alipata kazi reli, akapanda kutoka kufagia mabehewa hadi kuwa gadi, yule mkuu wa treni anayepiga filimbi ndipo gari iondoke. Kwa miaka thelathini na minane alipiga filimbi hiyo, watu wakamwita Mzee Filimbi. Kazi yake ndiyo iliyomlisha Bibi, ikampeleka Mama kujifunza ushonaji, na neno lake kwa wakubwa ndilo lililomwingiza Nyapara relini. Sasa alikuwa na miaka sabini na saba, miguu imevimba, anaishi chumba cha uani nyumbani kwa Mama, ambaye alikuwa mjane. Mama alimfulia, alimsafisha vidonda, na finyango kubwa ya nyama ilikuwa yake hata kama watoto wanatazama. Alizoea kusema kwamba bila Kaka wangeokota makombo majalalani.

Genge lilifika Mpasuo mwezi wa nane. Mnunuzi alitaka pia mabomba ya chuma yaliyopitisha maji chini ya tuta, kwa hiyo ikaletwa katapila ya kuchimba. Siku ya Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi, mashine ikanyamaza. Nyapara alidhani mnyororo umekatika. Alipofika alimkuta dereva ameshuka, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Kwenye kijiko cha katapila, ndani ya udongo mwekundu, palikuwa na sururu iliyooza mpini, na juu ya sururu mifupa ya vidole.

Waliendelea kwa majembe, kisha kwa mikono. Hadi saa nane walikuwa wamefikia mafuvu kumi na tisa. Mmoja alikuwa amejikunja chini ya toroli kama mtu anayejikinga mvua. Wawili walikuwa wamekumbatiana. Wengi walikuwa na kibati cha namba shingoni, waya umeliwa na kutu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mlima ulikuwa umewaangukia watu hawa wakiwa kazini, na Kampuni iliyokuwa ikijenga tawi, badala ya kufukua, ilisawazisha udongo, ikaugeuza tuta, ikasogeza njia hatua sita ipite juu yake, kazi ikaendelea. Miaka sitini treni zilipita juu yao. Nyapara mwenyewe alikuwa amekaza boliti pale mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na siku za jua kali alikuwa anakaa pale pale kula chakula chake cha mchana.

Alichuchumaa ukingoni mwa shimo akamtafuta babu yake kwa macho. Ndipo alipogundua kwamba hajui anatafuta nini. Hakujua kama alikuwa mrefu au mfupi, wala kama alikuwa na pengo. Nyumbani hapakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Kesho yake Mhandisi alikuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha injini kinachokimbia juu ya reli. Alikuwa kijana mwenye adabu na buti safi. Alitazama, akashusha pumzi, akasema haya yatakuwa makaburi ya zamani ya watu wa huku. Nyapara akamwonyesha sururu, toroli na vibati. Mhandisi akasema kwa upole kwamba jambo hili lilikwisha zamani. Faili lipo makao makuu, amelisoma mwenyewe kabla ya kuja. Vibarua walitoroka, na kuna ushahidi. Mtoto wa mmoja wao alitoa maelezo mbele ya Kampuni, akaweka dole gumba, kwamba alimwona baba yake mzima mji wa machimbo. Akipatikana mmoja mzima, wengine nao walikwenda zao. Jumatatu lingekuja lori, mifupa ipelekwe makaburi ya manispaa kama ya watu wasiojulikana, na mabomba yatoke.

Mhandisi hakujua anaongea na nani. Nyapara akasema sawa. Kwa muda mrefu baada ya kiberenge kuondoka alibaki amesimama, akijaribu kuelewa kwa nini kijana wa miaka kumi na saba aliyekwenda kumtafuta baba yake aliishia kuweka dole gumba mbele ya Kampuni.

Jumamosi alishuka hadi makutano, nyumbani kwa Mama. Hakuingia ndani. Alipitia uani, akamkuta Mjomba kwenye benchi lake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mama alikuwa sokoni kupeleka nguo alizoshona. Wakaamkiana, Nyapara akaketi, akasema wamekuta watu Mpasuo, chini ya ardhi.

Mjomba alitazama maji kwenye beseni hadi yakaacha kutikisika.

"Upande wa mto?" akauliza.

Nyapara hakuwa ametaja upande wowote. Mjomba alimwangalia usoni, akaona kwamba swali lake limeshamfichua, na mabega yakamshuka kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipostahili.

Alieleza bila kutafuta maneno. Alifika kambini siku ya nne ya safari. Udongo ulikuwa bado mbichi, na vibarua waliobaki walikuwa wanausawazisha kwa matoroli, hawainui macho. Mmoja alimnong'oneza kwamba baba yake yumo. Mkuu wa kambi akamwita ofisini, akampa chai na mkate, kitu ambacho hakuwa amekila tangu atoke nyumbani. Akamwambia kwamba maiti hawafufuki. Wenye fedha za reli wakisikia habari za vifo watafunga mikoba yao, na kila mtu kuanzia huku hadi makutano atakosa kazi. Kisha akamwuliza kama yeye ana kazi. Maneno ya kusema alipewa pale pale. Mji wa machimbo na jukwaa la stesheni yalikuwa maneno ya Kampuni. Shati jeupe na mtoto begani aliviongeza mwenyewe njiani, kwa sababu alimjua mama yake, alijua kwamba bila mtoto yule angeendelea kungoja.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Nyumbani palikuwa hapana kitu. Nilijiambia nitasema kwanza, nikishapata mshahara wa kwanza nitamwambia ukweli. Mshahara ukaja. Ukaja wa pili."

Nyapara alimwambia habari za faili na za lori la Jumatatu. Alimwambia kwamba jina moja tu ndilo linaloshikilia uongo juu ya watu arobaini na watatu, na mwenye jina yuko hai. Mjomba akamwomba aache. Alisema amezeeka nalo, afe nalo, hazikubaki siku nyingi. Nyapara hakumpandishia sauti. Alimheshimu mno, na buti alizovaa alizipata kwa sababu yake. Alisema tu kwamba hawezi kumlazimisha, ila yeye mwenyewe hatamdanganya Mama akimwuliza.

Mama alirudi jioni. Nyapara akamwambia kuhusu mifupa, sururu na toroli, hakumwambia zaidi. Mama alikaa chini pale alipokuwa, kikapu mapajani. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akasema, kama mtu anayeonja neno jipya, kwamba kumbe baba yake hakukimbia. Baadaye akanyanyua kichwa.

"Sasa Kaka alimwona nani?"

Mjomba alikuwa mlangoni mwa chumba chake, ameshika kizingiti. Kabla hajafungua mdomo Mama alijijibu mwenyewe. Alisema alifananisha. Kijana mdogo, ana njaa, safari ya wiki tatu, angeona shati lolote angesema ni baba. Masikini, alisema, na ndiye aliyebeba lawama ya kutuletea habari mbaya miaka yote hii. Akainuka kumpakulia chakula.

Nyapara aliona mlango wa kutokea ukifunguliwa mbele ya Mjomba, mpana, na aliyeufungua ni mmoja wa wale aliowadanganya. Angeweza kusema ndiyo, nilifananisha. Hata Mhandisi angelikubali hilo. Mjomba hakusema ndiyo wala hapana. Alikula vijiko viwili, akarudisha sahani.

Jumatatu alfajiri aliomba apelekwe Mpasuo. Koti la gadi aliliacha limening'inia kwenye msumari. Mama alivaa nguo yake nzuri, akakaa kwenye kiberenge cha genge ameshikilia mkono wa kaka yake asianguke kwenye kona.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea kupitia watu wa genge. Walikuta watu kama hamsini kwenye ukingo, wajukuu na vitukuu wa watoro, wamesimama mbali mbali kama watu wanaooneana aibu. Lori lilikuwa limefika. Mhandisi alikuwa na karatasi yake, akaanza kuisoma, akafika pale penye shahidi aliyemwona mmoja wao mzima.

"Shahidi ni mimi," Mjomba alisema. Alikuwa amekalishwa juu ya rundo la mataruma. "Sikumwona mtu. Walikuwa humu, na nilijua."

Akasema yote, kama alivyomwambia Nyapara uani, chai na mkate vikiwemo. Hakujitetea. Alipomaliza, hakuna aliyemrukia wala kumtukana. Watu walimtazama tu, na wengine wakatazama shimo. Mhandisi alikunja karatasi yake taratibu, akaitia mfukoni.

Mama alikuwa ameuachia mkono wa kaka yake, Nyapara hakuona ni wakati gani. Alisogea mbele yake.

"Mama yetu alipokuwa anakufa alikuuliza tena?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nilimwona."

Mama alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichoweza kununua. Akarudi kwenye kiberenge akakaa, akawapa wote mgongo.

Lori liliondoka tupu siku ile. Shirika likaunda kamati, kamati ikaja na miavuli yake, na watu wa genge wakachimba wiki mbili nzima. Walipata arobaini na mmoja. Wawili hawakuonekana, wala haikujulikana ni nani, kwa sababu daftari lililounganisha namba za vibati na majina lilikuwa limeliwa na mchwa tangu enzi za Kampuni. Basi kila ukoo ukabaki na shaka yake. Hazikupita siku tatu Mama akasikia sokoni kwamba labda baba yake ni mmoja wa wale wawili, labda hao walikimbia kweli. Mifupa ilizikwa kaburi moja juu ya kilima, chini ya jiwe lisilo na jina. Chapa mpya ya kitabu cha darasa la tano ilipotoka, ile sentensi ya watoro haikuwemo. Haikuwekwa nyingine badala yake.

Na mabomba yakatoka. Nyapara mwenyewe ndiye aliyechomoa misumari ya Mpasuo, kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo na watoto walikuwa shuleni. Mwezi wa kumi na mbili genge lilifika makutano, likavunjwa.

Nyumbani, Mama aliendelea kumpikia kaka yake, lakini chakula alikipeleka mke wa Nyapara. Vidonda akawa anasafishwa na muuguzi wa zahanati. Mama hakumtukana wala hakumfukuza. Alikuwa tu hapiti uani. Mara nyingine Mjomba alimwita jina lake la utotoni kupitia ukutani, mara moja tu, akanyamaza, na cherehani upande wa pili ikaendelea.

Siku moja Nyapara alimsihi. Alimkumbusha kwamba yule alikuwa kijana tu, na miaka yote iliyobaki aliwafanyia wema. Mama alisimamisha cherehani. Alisema hilo analijua, wala hamchukii.

"Najaribu kumkumbuka baba. Nilikuwa na miaka tisa, lazima kuna kitu ninacho. Lakini nikifumba macho anakuja yule wa stesheni. Nimemwona yule kwa miaka sitini, mwanangu, namjua hadi kola yake. Huyo ndiye aliyemfuta baba yangu."

Mama akakanyaga cherehani.

Mjomba alikufa mwezi wa tatu, mchana, peke yake. Muuguzi ndiye aliyemkuta. Mama aliosha vyombo vyote vya chumba kile, akafungua madirisha, akakaa sebuleni kupokea watu, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na watu lazima wapokewe. Walikuja wachache. Kati ya wale wa Mpasuo Nyapara hakumtegemea yeyote, lakini mchana wa siku ya pili aliingia mwanamke mmoja wa miaka hamsini na kitu, mgeni kabisa, aliyesafiri kwa basi. Alijitambulisha kama mtoto wa mjane wa mmoja wa wale watoro.

Alibaki amesimama, mkoba ameubana kwapani. Alisema hakujua kama amefanya vizuri kuja, na nyumbani kwake walimkataza. Mama yake alimngoja mumewe wa kwanza kwa mwezi mzima, hataki kula. Kisha ikaja habari kwamba mmoja wao ameonekana mji wa machimbo na mke mwingine. Akakasirika, akaacha kungoja, na baada ya miaka kadhaa akaolewa.

"Mimi ni wa ndoa ya pili," alisema. "Sijui nimshukuru au nimlaani. Nimekuja tu."

Nyapara alimtazama Mama, akiogopa atakachosema. Mama alimwangalia mgeni yule kwa muda, kuanzia viatu vyenye vumbi hadi kichwani, kama fundi anayempima mtu nguo. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akampa nafasi.

"Kaa," akamwambia. "Umetoka mbali."